Mkulima wa Mpunga Si Mjinga, Ana Haraka ya Mwenye Deni

Semina za kilimo zina sentensi yao ya kufungulia. Utaisikia Morogoro, utaisikia Mbarali, utaisikia Mwea, na hata huku Columbus, Ohio, wanakokutana wasomi wa kilimo, utaisikia: mkulima mdogo wa Afrika anapoteza asilimia 30 hadi 40 ya mavuno yake kwa sababu hajui kuvuna kwa wakati, hajui kukausha, hajui kuhifadhi. Ikishatamkwa hiyo, yaliyobaki yanajiendesha. Anatafutwa mfadhili, yanaandaliwa mafunzo, linachapishwa bango la hatua za kufuata, wakulima wanasaini mahudhurio na kupewa nauli, na mwisho inapigwa picha ya pamoja. Msimu ukifika, wakulima walewale wanapura mpunga vilevile walivyoupura mwaka jana. Mtaalamu anatikisa kichwa: hawa watu ni wagumu kubadilika.

Mimi nasema mkulima huyo somo alilielewa vizuri sana. Alikwenda nalo nyumbani, akalipigia hesabu, akaona halimlipi. Hasara kubwa inayompata baada ya kuvuna inatokana na deni, na mizani, na kinu, na bei ambayo haitofautishi mpunga safi na mchafu. Mpaka hayo manne yaguswe, mafunzo yataendelea kuwa posho kwa anayefundisha na siku iliyopotea kwa anayefundishwa.

Tuwatendee haki kwanza wenye hoja ile. Kwamba mpunga unapotea ni kweli tupu. Ukivunwa ukiwa na unyevu wa asilimia 20 hadi 24, punje zinakaa kwenye suke na zinakuwa bado nzima. Ukiachwa ukakauka mno jarubani, nusu ya kazi inafanywa na upepo na ndege: punje zinapukutika. Kisha umande wa usiku unalowesha punje iliyokwisha kukauka, jua la saa tano linaikausha tena, na ndani ya ganda punje inapata nyufa ambazo macho hayazioni. Nyufa hizo zinajitokeza kinuni, mchele unapotoka chenga. Mpunga uliopurwa kwenye udongo mtupu unaokota mawe, na uliofungwa gunia kabla ya kufika unyevu wa asilimia 14 unavunda na kubadilika rangi. Yote hayo ni sayansi, na sayansi haina ubaya wowote. Ubishi wangu unaanzia pale tunapoulizana kwa nini.

Takwimu iliyoasi wazazi wake

Tuanze na ile asilimia 30 au 40. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa ripoti iliyosema karibu theluthi moja ya chakula cha dunia, tani bilioni 1.3 kwa mwaka, hupotea au hutupwa. Theluthi hiyo ilijumlisha kila kitu: nyanya iliyooza sokoni, samaki aliyeharibika njiani, maziwa yaliyomwagwa, na sahani ya mtu mwenye shibe iliyoishia kwenye pipa. Ripoti hiyohiyo ilisema mlaji wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini hutupa kilo 95 hadi 115 za chakula kwa mwaka, na mlaji wa Afrika kusini mwa Sahara na wa kusini na kusini-mashariki mwa Asia hutupa kilo 6 hadi 11. Majukwaani theluthi ile ilivuliwa sahani na mapipa ikavishwa jembe. Leo mzigo wote anabebeshwa mama mkulima wa Kilombero peke yake.

Walioingia shambani kuuliza walipata majibu mengine. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka huohuo wa 2011 kuhusu nafaka za Afrika iliweka hasara kati ya asilimia 10 na 20. Mwaka 2014 watafiti Kaminski na Christiaensen walichambua majibu ya wakulima wenyewe wa Malawi, Uganda na Tanzania. Kwa mahindi, hasara iliyotajwa kutokea nyumbani na shambani ilikuwa kati ya asilimia 1.4 na 5.9 ya mavuno. Utasema mkulima hupunguza anapojieleza. Huenda. Lakini kutoka 6 hadi 40 ni mbali mno kuzibwa na usahaulifu wa mtu anayejua idadi ya madebe yaliyomo ghalani mwake.

Huku ninakoandikia, mtaa wa University District ulio mashariki ya kampasi ya Chuo Kikuu cha Ohio State, hasara ya chakula ina sura nyingine. Mwezi wa Mei wanafunzi wanapohama, pita vichochoro vya nyuma ya nyumba kati ya High Street na Summit Street. Mapipa yanafurika: mikate haijafunguliwa, mifuko ya mchele imetumika nusu, makopo ya maharage yana miaka miwili kabla ya kuisha muda. Idara ya Kilimo ya Marekani yenyewe inakadiria kwamba asilimia 30 hadi 40 ya chakula cha nchi hii hakiliwi. Ni asilimia zilezile! Lakini sijasikia mfadhili akija High Street na bango la hatua saba kuwafundisha vijana hawa namna ya kuhifadhi wali. Kwao inaitwa mtindo wa maisha. Kwa mkulima wa Ifakara inaitwa ujinga.

Dawa ya mahindi kwa ugonjwa wa mpunga

Mawazo mengi tuliyo nayo juu ya hifadhi yalizaliwa na mahindi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aligunduliwa Tabora mdudu aliyetoka Amerika, dumuzi, ambaye wakulima walimpachika jina la Scania kwa jinsi alivyobomoa ghala. Aligeuza gunzi kuwa unga ndani ya miezi michache. Kutokana na hofu hiyo zikaja dawa za unga, vihenge vya bati na mifuko isiyopitisha hewa, na kwa mahindi na kunde vitu hivyo vimefanya kazi ya kusifiwa.

Mpunga una ganda. Ukikaushwa sawasawa na kuwekwa pakavu, wadudu wanausumbua kwa kiasi kidogo kuliko mahindi, ndiyo maana tangu zamani wakulima wameweka akiba yao ikiwa mpunga na kukoboa ya kula tu. Kumpelekea mkulima wa Mbarali somo la mfuko usiopitisha hewa kama ndio ufumbuzi ni kumtibu mgonjwa wa tumbo kwa dawa ya macho kwa sababu ndiyo iliyokuwamo mkobani. Hasara ya mpunga ina vituo vyake: siku za kuvuna, uwanja wa kupuria, uwanja wa kuanikia, kinu na sokoni. Katika kila kituo, anayeamua si ujuzi peke yake. Anayeamua ni fedha na muda.

Hesabu ya mwezi wa sita

Chukua mama mmoja wa bonde la Kilombero. Namchora kwa mfano, na namba zake ni za mfano, ila yeyote aliyekaa huko atamtambua. Ana ekari mbili za mpunga, aina za Saro na Supa. Mwezi wa pili, palizi imebana na ada ya shule inadaiwa, anakopa kwa mtu wa mjini. Mkopo haulipwi kwa fedha: anapewa shilingi 40,000, mwezi wa sita atoe gunia. Amekopa magunia 10 kwa mtindo huo. Wakati wa mavuno gunia linauzwa 70,000, mwezi wa kwanza litafika 110,000.

Anapata magunia 30. Kumi yanakwenda kwa mkopeshaji, matano yanabaki ya kula, kumi na tano anayauza palepale kwa sababu vibarua waliovuna wanasubiri malipo. Sasa tupige hesabu ya hasara baada ya mavuno. Kwenye deni amepoteza 30,000 kwa kila gunia, jumla 300,000. Kwenye yale aliyouza mwezi wa sita badala ya mwezi wa kwanza amepoteza 40,000 kwa kila gunia, jumla 600,000. Ni shilingi 900,000, sawa na karibu magunia 13 kwa bei ya siku ile. Punje zilizopukutika, zilizoliwa na kuku na zilizobaki kwenye nyasi, tuzikadirie gunia moja, au mawili ukitaka kumkomoa. Semina imekuja kwa ajili ya hilo gunia moja. Hayo 13 haikuyaona.

Mtaalamu atamwambia: mama, haraka haraka haina baraka, kausha mpunga wako siku nne. Maneno mazuri. Lakini akikausha mpunga kutoka unyevu wa asilimia 20 hadi 14, kila kilo 100 zinabaki kilo 93. Kilo saba zimekwenda na mvuke. Dalali aliyeegesha lori kando ya uwanja anatoa bei ileile kwa gunia bichi na gunia kavu. Maana yake kukausha ni kujikata kilo saba kwa mkono wako mwenyewe, ulipe na kibarua wa kugeuza, ulale uwanjani usiku ukilinda ng'ombe na wezi, kisha upokee shilingi zilezile. Mtu atakayefanya hivyo ndiye nitakayekubali kumwita mjinga.

Na kujua, anajua. Nani asiyemfahamu mwanamke wa mpunga anayechukua punje, anaitia kati ya meno, na kwa mlio wa kuvunjika anakwambia bado siku moja? Wapo pia wanaotumia chupa na chumvi kavu: changanya na mpunga kidogo, tikisa, subiri, chumvi ikigandia kwenye kioo, unyevu bado uko juu ya asilimia 15. Maarifa yapo mengi. Kinachokosekana ni mnunuzi wa kuyalipia.

Kinu kinakula, na hakihesabiwi

Tuingie mashineni, kwenye vumbi la pumba. Vijiji vingi bado vinakoboa kwa mashine ya silinda moja ya chuma, ile inayosugua mpunga na kuung'arisha kwa pigo moja. Ni uvumbuzi wa mwishoni mwa karne ya 19, wa Evaristo Engelberg wa Brazili, na kampuni iliyoutengeneza na kuusambaza duniani ilikuwa Syracuse, jimbo la New York. Kwa makadirio ya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, IRRI, mashine ya aina hii hutoa kilo 53 hadi 55 za mchele kwa kila kilo 100 za mpunga, na mchele mzima ni asilimia 30 hivi tu ya mchele huo. Yaliyobaki ni chenga, na unga unaotoka pamoja na pumba. Mashine za mipira ya hatua mbili hupita kilo 60, na viwanda vikubwa vya hatua nyingi hufika 65 hadi 70.

Tofauti ya kilo 10 kwa kila 100! Hakuna somo la turubai litakaloziba pengo hilo. Na mkulima hachagui kinu, anakwenda kilipo. Ada yake ni ileile mchele ukitoka mzima au ukitoka chenga, na pumba kwa kawaida zinabaki kwa mwenye mashine, zikiwa na unga wa mchele uliosagika ndani yake.

Mkulima hana fursa hata ya kuadhibiwa kwa chenga zake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mchele, EAS 128, chenye madaraja. Nenda nacho kwenye gulio uone nani atakusikiliza. Huko mchele unapimwa kwa jicho, kwa harufu na kwa jina: huu wa Kyela, huu wa Mbeya, hata kama umetoka kwingine. Marekani, mchele wa daraja la kwanza hauruhusiwi kuwa na zaidi ya asilimia 4 ya chenga, la pili asilimia 7, na mkulima wa Arkansas analipwa kwa kuzingatia kiasi cha mchele mzima kilichotoka kwenye mpunga wake. Ndiyo maana anavuna kwa wakati. Hakuzaliwa na nidhamu zaidi kuliko wa Dakawa. Nidhamu yake ina bei.

Gunia lenye kilemba

Kuna hasara nyingine ambayo vitabu vya hasara haviitaji, kwa sababu punje hazikuoza wala hazikuliwa na panya. Zilihamishwa. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, linashonewa nyongeza juu, linasimama kama limevaa kilemba, na linalipiwa kama gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza gunia la namna hiyo, lumbesa, Wakala wa Vipimo hutoa matamko kila msimu, na lumbesa inaendelea kupanda malori. Mtafiti wa upotevu wa mazao akipita hapo ataandika sifuri, maana mpunga wote umefika mjini salama. Kwa taifa hakuna kilichopotea. Kwa mama aliyeulima, madebe kadhaa yamekwenda bure.

Hapo ndipo swali la nani anapoteza linapokuwa zito kuliko swali la kiasi gani kimepotea. Chenga zinazoitwa hasara zinapikiwa vitumbua asubuhi. Masuke yaliyoachwa na kombaini yanaokotwa na wajane na watoto. Pumba zinachoma matofali. Lakini tofauti ya bei kati ya Juni na Januari, ziada ya lumbesa na riba ya mkopo wa gunia zinatoka kijijini na kwenda moja kwa moja. Mwenye kuandaa mkakati anapenda hasara isiyo na mwenyewe, ya panya na fangasi, kwa sababu panya hana chama wala hapigi simu wizarani.

Ohio na Buffalo zilifanyaje?

Utaniambia: mbona Wamarekani walielimisha wakulima wao na wakafanikiwa? Chuo hiki cha Ohio kilianzishwa mwaka 1870 kwa sheria ya Morrill ya 1862, ili mtoto wa mkulima asome kilimo. Huduma za ugani zikapewa sheria yake mwaka 1914. Nakubali yote. Ila tazama yaliyotangulia na yaliyofuata.

Buffalo, jimbo la New York, nayo ina University District yake, kando ya kampasi ya kusini ya chuo kikuu. Panda treni ya mjini kituo cha University, shuka mjini, na si mbali na hapo utayakuta maghala makubwa ya zege kando ya Mto Buffalo. Ni huko mfanyabiashara Joseph Dart alikojenga mwaka 1842 mtambo wa mvuke wa kupandisha ngano ghalani. Kabla yake ngano ya Maziwa Makuu ilishushwa kwa migongo ya vibarua wa Kiairishi, na kuna mwenzake aliyemwambia kwamba hakuna mtambo utakaokuwa rahisi kuliko migongo hiyo. Maghala ya namna yake yakaenea hadi Chicago. Nafaka ikapangwa kwa madaraja, mkulima au mfanyabiashara akapewa stakabadhi, na stakabadhi ikawa mali ya kukopea benki.

Wenye maghala wakaanza kudhulumu. Walipandisha tozo, walipunja kwenye mizani, walichezea madaraja. Lumbesa ya Kizungu, kwa ufupi. Wakulima hawakuitiwa semina ya namna ya kuhifadhi ngano. Walijiunga katika vyama, wakachagua wabunge, wakapitisha sheria za kudhibiti maghala, na mwaka 1877 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Munn dhidi ya Illinois, ikakubali kwamba serikali ina haki ya kuweka ukomo wa tozo za maghala ya nafaka. Agosti 1916 Bunge likapitisha kwa pamoja sheria ya viwango vya nafaka na sheria ya maghala. Mwaka 1933 likaundwa shirika la serikali la mikopo ya mazao, Commodity Credit Corporation, na hadi leo mkulima wa mpunga wa Arkansas au Louisiana anaweza kuweka mpunga wake ghalani, akachukua mkopo wa miezi tisa kwa dhamana ya mpunga huohuo, akasubiri bei. Bei ikipanda, anauza na kulipa. Ikianguka, analiachia shirika mpunga na deni limekwisha. Anaweza pia kukopa kujenga ghala na kikaushio chake. Toka nje kidogo ya Columbus, utayaona mapipa ya chuma ya mahindi na soya yaking'aa mashambani. Mengi ya namna hiyo yamejengwa kwa mikopo, si kwa hamasa.

Bwana shamba wa Ohio alisikilizwa kwa sababu ushauri wake ulikuwa na dola mbele yake. Sisi tuliazima ushauri, tukaacha dola, mizani na sheria nyuma. Kuanzia mwaka 2011 Ohio State iliongoza mradi wa iAGRI pamoja na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kwa fedha za USAID, na Watanzania zaidi ya 100 wakapata shahada za uzamili na uzamivu. Sina ugomvi na shahada hizo. Nchi inazihitaji, na wengi wao wanafanya kazi ya maana. Lakini shahada mia haziwezi kumlipa mama wa Kilombero siku anapodaiwa. Mwaka 2025 Marekani ililifunga shirika la USAID, na miradi mingi ikafa katikati. Kama ufumbuzi wetu ulikuwa semina za wafadhili, basi hata hizo sasa hatuna.

Majibu kwa wabishi

Kuna watakaosema: mkiwapa wakulima mikopo bila elimu, wataitapanya. Ni maneno ya mwenye shibe. Mkulima anakopa tayari, kila mwaka, kwa masharti mabaya kuliko ya benki yoyote, na analipa. Kama angekuwa mtapanyaji, mkopeshaji wa gunia asingerudi msimu unaofuata.

Wengine watasema: jengeni maghala, basi. Ghala bila fedha ya mkononi ni jela ya mpunga. Tanzania ina sheria ya stakabadhi za mazao ghalani tangu 2005, na kwa korosho ilianza kutumika Mtwara msimu wa 2007/2008. Mwaka 2018 serikali ilipoinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, bei ilishangiliwa, lakini wapo waliokaa miezi wakisubiri malipo. Mkulima aliyewaona wenzake wakisubiri hivyo hatapeleka mpunga wake ghalani kwa kuambiwa tu kwamba ni salama. Salama kwa nani?

Na kuna hoja ya kwamba mkulima anapaswa kuhifadhi ili auze bei ikipanda. Mapema mwaka 2013 mchele wa nje uliruhusiwa kuingia Tanzania bila ushuru, na bei ya mpunga ikaporomoka. Aliyefuata somo la kuhifadhi ndiye aliyeumia. Aliyeuza haraka Juni akaonekana mwerevu. Wauzaji wa mahindi nao walifungiwa mipaka mwaka 2011 na tena 2017. Kuhifadhi katika nchi ambayo sera ya biashara hubadilika katikati ya msimu ni kamari, na maskini haruhusiwi kucheza kamari na chakula cha watoto.

Kenya ina somo lake. Mwea, kati ya 1998 na 1999, wakulima walikataa kupeleka mpunga kwa Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji, ambayo iliwapangia kila kitu tangu maji hadi bei. Watu walipoteza maisha katika vurugu hizo. Hawakugombania namna ya kupura. Waligombania nani anapima, nani anapanga bei, na fedha zinalipwa lini. Chama chao cha ushirika kikachukua pembejeo, mikopo na ukoboaji. Kina matatizo yake, kama ushirika wowote, ila mpangilio wa mambo ulikuwa sahihi: mkopo kwanza, kinu pili, elimu ikafuata njia iliyokwisha kufunguliwa.

Nini kifanyike

Mkutano wa Umoja wa Afrika wa Malabo, mwaka 2014, uliahidi kupunguza upotevu wa mazao kwa nusu ifikapo 2025. Mwaka huo ulifika na ahadi ikaandikwa upya Kampala. Tanzania nayo ina mkakati wake wa usimamizi wa mazao baada ya kuvuna wa 2019 hadi 2029. Kabla ya kuandika mwingine, yafanyike yafuatayo.

Kwanza, mpunga ununuliwe kwa kilo, kwa mizani iliyo mbele ya macho ya muuzaji, na bei itaje unyevu. Kipima unyevu kimoja katika kila kituo cha chama cha ushirika wa mazao, AMCOS, kitafundisha kukausha kuliko mabango elfu, maana kila asilimia itakuwa na shilingi yake. Pili, AMCOS zipewe mtaji wa kulipa sehemu kubwa ya thamani siku mpunga unapoingia ghalani. Siku hiyohiyo, maana siku ya pili mkopeshaji wa gunia ameshabisha hodi. Tatu, mikopo nafuu ielekezwe kwa wenye vinu ili waache mashine ya silinda moja, na kwa vijana watakaokodisha mashine za kupuria na vikaushio. Mkulima wa ekari mbili hahitaji kumiliki kombaini. Anahitaji imfikie wiki inayofaa. Nne, serikali itangaze kabla ya kupanda sera yake ya kuagiza na kuuza nje, na isiibadilishe mpaka mavuno yauzwe. Tano, wanaopima hasara wapime shilingi pamoja na punje, na waandike nani amepoteza na nani amepata.

Kwa ndugu zangu wa Columbus, wa Louisville, wa Buffalo, Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi mnaotuma fedha nyumbani, nina ombi lisilohitaji mradi. Tumezoea kutuma Desemba, mwezi wa sikukuu; tubadili miezi. Kwa familia ya mpunga, dola 100 ya mwezi wa pili wakati wa palizi inazuia mkopo wa gunia, na ya mwezi wa sita inazuia mpunga kuuzwa kwa bei ya kutupa. Dola ileile ya Desemba inakuta mpunga umeshaondoka.

Na kwa wataalamu wenzangu: msimu ujao kabla ya kuandaa mafunzo, nendeni uwanjani mkiwa na fedha na mizani, mnunue magunia 50 ya mpunga mkavu kwa bei inayozidi ya mpunga mbichi. Tangazeni bei hizo mbili wiki mbili kabla. Msifundishe chochote. Mkikuta wakulima wameleta mpunga mbichi, nitakubali kwamba shida ni ujinga, na nitakuja mwenyewe kusaini mahudhurio ya semina yenu.